Kipanga wa darasa na mawe anayorushiwa

Kidato cha pili, bweni letu lilikuwa na mvulana aliyeshika nafasi ya kwanza mihula mitatu mfululizo. Tulimwita kipanga, kama kila shule inavyomwita wa kwake. Wiki ya mtihani wa mwisho wa mwaka daftari lake la hesabu lilipotea. Lilionekana siku ya tatu, nyuma ya vyoo, kurasa zimelowa na wino umetambaa hadi milinganyo yake yote imekuwa madoa ya bluu. Mwalimu wa zamu alipopelekewa habari alimtazama yule kijana juu mpaka chini, akasema, "Na wewe nawe, punguza kujifanya unajua."

Maneno hayo nimeyasikia tena ukubwani, maofisini, kwa watu walio na elimu zao. Ndiyo maana naanza nayo, katika dhana tano potofu zinazosemwa mwenye kipaji anapoonewa.

"Amejitakia, anaringa."

Dhana hii inaumiza kuliko zote, kwa sababu inamgeuza aliyeonewa kuwa mshtakiwa. Wenye vipaji wanaoringa wapo, sibishi. Lakini mwenzetu yule alikuwa mkimya, na ukimwomba akufundishe alikufundisha. Kilichowauma watu hakikutoka mdomoni mwake. Kilibandikwa ubaoni: karatasi yenye majina kuanzia wa kwanza hadi wa 58, na kila mtu anatafuta lake kwa kidole kutoka juu kushuka chini.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake, hasa wale anaofanana nao. Mwanafunzi hashindani na profesa, anashindana na anayekaa naye dawati moja. Mwenzake katika fani hiyo, Abraham Tesser, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1980, yeye na Jonathan Smith walifanya jaribio ambalo watu walitakiwa kuwapa wengine vidokezo katika mchezo wa kukisia maneno. Mchezo ulipoelezwa kuwa hauna uzito, washiriki waliwasaidia rafiki zao vizuri kuliko watu baki. Ulipoelezwa kuwa unapima uwezo wa maana, mambo yaligeuka: mtu baki alipewa vidokezo rahisi, rafiki akapewa vigumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga waliliona hili bila maabara.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani atamwandama mwenye kipaji, mwangalie aliye jirani naye, anayependa jambo lilelile, na anayepoteza kitu kila mwenzake anaposifiwa. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kitaifa. Wapo waliolalamika. Mimi nilimkumbuka yule kijana na ile karatasi ya ubaoni, nikaona ni heri.

"Wanaoonewa ni wanyonge na vilaza."

Mwaka 2006 Jean Sunde Peterson na Karen Ray walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi 432 wenye vipaji katika majimbo 11 ya Marekani. Asilimia 67 walikuwa wameonewa kwa namna fulani kabla ya kumaliza darasa la nane. Sisemi kwamba wao ndio huonewa kuliko wote. Mtoto mwenye ulemavu, maskini na mgeni huandamwa vilevile. Nasema kwamba akili si ngao.

"Mwonevu ni mtu asiyejiamini."

Hili hupendwa sana, kwa kuwa linatufariji. Dan Olweus, aliyeuchunguza uonevu shuleni huko Skandinavia tangu miaka ya 1970, hakukuta hivyo. Waonevu aliowachunguza walijiamini kama wengine, au hata zaidi. Mara nyingi anayeshtuka ni yule aliyezoea kuwa juu: kiranja, mkuu wa kitengo, mkongwe wa ofisi. Olweus alitaja mambo matatu yanayoutenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Mwenye kipaji anaweza kuwa bora kuliko wote kazini na bado akawa peke yake dhidi ya kumi.

"Chema chajiuza, wewe chapa kazi tu."

Nilifanya kazi na dada mmoja, mhasibu. Ripoti iliyokuwa ikichukua wiki nzima aliimaliza kwa siku moja, na bosi akamsifu mbele ya watu. Baada ya hapo likaundwa grupu jipya la WhatsApp la idara, yeye hayumo. Kikao kikihamishwa kutoka saa nne hadi saa mbili, anafika watu wanatoka. "Kwani hukuona kwenye grupu?" Mwisho wa mwaka fomu yake ya tathmini ikaandikwa: hashirikiani na wenzake.

Heinz Leymann, aliyeyachunguza mambo haya Sweden kuanzia miaka ya 1980, aliyaeleza hivyohivyo: mtu hutengwa, hunyimwa taarifa, kisha matokeo ya kutengwa huko hutumiwa kama ushahidi dhidi yake. Nao Eugene Kim na Theresa Glomb, mwaka 2014, walionyesha kwamba wafanyakazi wanaofanya vizuri huandamwa kwa sababu ya husuda ya wenzao, ingawa hali hupungua pale watu wanapojiona kweli kuwa timu moja. Yaani juhudi peke yake ingeweza kumwongezea maadui yule dada.

Aliacha kazi kimyakimya. Hakuna aliyemwambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, na kwamba kuacha huko huhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayepitia haya leo atunze ujumbe na barua, aandike tarehe na majina ya waliokuwepo, tena mapema, kabla hajachoka.

"Ajishushe kidogo, yatapita."

Muhula uliofuata yule kijana alikuwa wa kumi na moja. Walimu walisema amelegea. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kila mtihani alikuwa akiacha maswali mawili anayoyajua. Wangapi darasani kwako wanafanya hivyo, mwalimu unayesoma hapa? Na walioharibu daftari hawakumwacha kwa sababu hiyo. Walipata jina jipya la kumwita.

Kuna kitu kinachosaidia, nacho hakiko mikononi mwake. Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto viwanjani, katika kazi iliyotolewa mwaka 2001, waliona kwamba mwenzao mmoja akiingilia kati, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10 katika zaidi ya nusu ya matukio. Mara nyingi watoto wengine walikuwepo, wakitazama. Wachache waliingilia.

Bweni letu lilikuwa na vitanda 40. Daftari lilitolewa kwenye sanduku lake usiku, taa ya korido inawaka. Mimi nilikuwa macho.