Shahada Mbili, Muamala Mmoja: Kusoma Biashara na Teknolojia ya Habari kwa Pamoja

Wanafunzi wanaofikiria kusoma shahada ya biashara pamoja na shahada ya teknolojia ya habari huniuliza mara nyingi kama mwenye vyeti viwili huajiriwa haraka kuliko mwenye kimoja. Nilisoma shahada zote mbili, na tangu nilipohitimu kazi yangu imekuwa kusanifu na kukagua mifumo ya hesabu, kwa hiyo swali hilo nalielewa vizuri. Hata hivyo, naona ni bora kwanza kutazama kile ambacho masomo haya yanafundisha yakiwekwa pamoja, kwa sababu thamani ya mpango mzima imo humo.

Chukua muamala mmoja wa mauzo. Katika darasa la uhasibu, mwanafunzi hufundishwa kwamba akaunti moja hudebitiwa (huandikiwa upande wa kushoto) na nyingine hukreditiwa (huandikiwa upande wa kulia) kwa kiasi kilekile, utaratibu ambao mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, wakati ambapo wafanyabiashara walikuwa tayari wameutumia kwa muda mrefu. Katika darasa la hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa na kutunzwa kwenye kompyuta, mwanafunzi huyohuyo hufundishwa kwamba mauzo yale ni safu mlalo katika jedwali, kwa mujibu wa muundo uliopendekezwa na mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970, na kwamba hatua zote za muamala lazima zikamilike pamoja au zisifanyike kabisa. Mhasibu hakubali debiti isiyo na krediti, na hifadhidata iliyojengwa vizuri haikubali nusu ya muamala. Wahadhiri wa vitivo viwili wanafundisha kanuni zinazofanana sana bila kujua kwamba mwenzao anafanya hivyo, na anayesikia pande zote mbili katika muhula mmoja ni mwanafunzi peke yake.

Kanuni za pande hizo mbili zinapotofautiana ndipo mwanafunzi anapovuna zaidi. Mhasibu akikosea hafuti, bali huandika ingizo la kutengua lile la kwanza, kisha akaandika lililo sahihi, ili yeyote atakayesoma leja, yaani daftari la hesabu, baadaye aone kosa na marekebisho yake. Hifadhidata, kwa upande wake, ina amri ya kubadili na amri ya kufuta, na anayejifunza programu huzitumia tangu wiki za mwanzo bila wasiwasi wowote. Nimekagua mifumo ambamo ankara ya mwezi uliokwisha fungwa ingeweza kubadilishwa bila kuacha alama, kiasi kwamba ripoti ya kipindi kilekile ikichapwa mara mbili kwa tarehe tofauti ilitoa jumla mbili tofauti. Waandishi wa programu zile walikuwa hodari, na wahasibu waliozitumia walikuwa makini. Hakuna aliyewahi kuwaambia waandishi wa programu kwamba leja haifutwi, na wahasibu nao hawakufikiria kuuliza kama mfumo unaruhusu kufuta.

Mfano wa pili ulinipata mwenyewe mwanzoni mwa kazi. Mfumo mmoja ulikuwa ukitoa urari, yaani orodha ambamo jumla ya debiti hupaswa kulingana na jumla ya krediti, wenye tofauti ndogo mno, na wahasibu walitumia siku nyingi kutafuta hati za malipo zilizopotea, huku waandishi wa programu wakishikilia kwamba tofauti ndogo kama hiyo haina uzito. Ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu mhasibu anajua kuwa tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayofichana. Chanzo kilikuwa aina ya namba iliyochaguliwa kuhifadhi fedha. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi (0.1) haiwezi kuandikwa kikamilifu, kama vile sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi moja kwa desimali. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zikiombwa kujumlisha 0.1 na 0.2 hurudisha 0.30000000000000004. Dawa yake inajulikana: fedha zihifadhiwe kama namba nzima za kizio kidogo kabisa cha sarafu, au kwa aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya desimali. Mwenye elimu ya upande mmoja angeweza kulijua tatizo au kuijua dawa, lakini kuunganisha viwili hivyo kulihitaji mtu aliyekaa katika madarasa yote mawili.

Upande wa biashara nao una maswali ambayo hayajibiki bila kuelewa jinsi programu inavyotengenezwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 38 kinataka gharama za utafiti zihesabiwe kuwa matumizi ya kipindi husika, ilhali gharama za uendelezaji huingizwa katika mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, kama mali isiyoshikika pindi masharti kadhaa yanapotimia, likiwemo la kuthibitisha kwamba kazi inawezekana kitaalamu. Timu inayojenga programu kwa mizunguko mifupi, ikijaribu na kubadili kila wiki, haitoi mstari ulio wazi kati ya utafiti na uendelezaji. Mtu fulani lazima auchore mstari huo na kuutetea mbele ya wakaguzi, na ni vigumu sana kuutetea kama hajawahi kuandika programu hata moja.

Mfano maarufu wa mtu aliyekaa katika madarasa ya pande zote mbili ni Dan Bricklin, ambaye alikuwa amesoma uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta katika chuo cha MIT kabla ya kujiunga na shule ya biashara ya Harvard. Akiwa darasani huko mwaka 1978, aliona jinsi namba moja ikibadilika ubaoni inavyomlazimu mwalimu kufuta na kukokotoa upya namba nyingine nyingi, naye akawaza jedwali linalojikokotoa lenyewe. Pamoja na mwandishi wa programu Bob Frankston alitengeneza VisiCalc, lahajedwali iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Wenzake walikuwa wakiutazama ubao uleule.

Kuhusu muda, hesabu si ngumu, ingawa huwatatiza wengi. Tuseme kila shahada ina masomo 24 yanayochukua miaka 3. Zikisomwa moja baada ya nyingine ni masomo 48 na miaka 6, lakini chuo kikiruhusu masomo ya lazima ya shahada moja yashike nafasi za masomo ya hiari ya nyingine, na kikihesabu mara moja masomo yanayofanana, kama takwimu, jumla inaweza kushuka hadi 32, yaani miaka 4. Maana yake ni kwamba kinachotolewa kafara ni masomo ya hiari, ambayo kwa kawaida ndiyo ya ngazi ya juu. Anayetaka kuzama katika utafiti wa algoriti, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kutatua tatizo, asome shahada moja aimalize vizuri. Anayelenga mitihani ya bodi ya wahasibu aulize kabla ya kujiandikisha kama mpango huu umebakiza masomo yote ambayo bodi inayataka.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika minyororo ya masomo tangulizi. Utangulizi wa programu hufungua miundo ya data, ambayo nayo hufungua hifadhidata, kisha usanifu wa mifumo. Uhasibu wa kwanza hufungua wa pili, kisha ukaguzi. Somo moja linalofundishwa mara moja kwa mwaka likigongana na lingine kwenye ratiba, mwaka mzima unaweza kupotea. Panga minyororo yote miwili kwenye karatasi moja kuanzia muhula wa kwanza hadi wa mwisho, kisha uende nayo kwa mratibu wa mpango kabla ya kuchagua chochote.

Kwa mradi wa mwisho, napendekeza mchakato wa ununuzi, nao usimamiwe na mhadhiri mmoja kutoka kila kitivo. Jenga mfumo unaolinganisha oda, hati ya kupokea mzigo na ankara kabla ya kuruhusu malipo, na uhakikishe kwamba anayesajili mgavi hawezi kuidhinisha malipo ya mgavi huyo. Ukimaliza, vaa kofia ya mkaguzi na ujaribu kumlipa mgavi asiyekuwepo.