Kampala si Mwanza: kwa mwanafunzi anayekuja kusoma Uganda

Kila Agosti ofisi yetu ya wanafunzi wa kigeni hupokea vijana walioshuka basi alfajiri, mabegi bado yana vumbi la njiani. Wametoka Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam, wengine Kisumu, wengine Goma. Kijana anayekwenda kusoma China au Uturuki huanza kuuliza maswali miezi mingi kabla ya safari. Hawa wetu huuliza wakishafika. Wanajiona wamehamia chumba cha pili cha nyumba ileile: magari yanapita kushoto, bodaboda zipo, chapati ipo. Hawakujiandaa, na mwezi wa kwanza huwaumiza.

Tuanze na karatasi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatozwi ada ya kibali cha mwanafunzi, lakini ni lazima akiombe. Muhuri uliogongewa mpakani Mutukula umekuruhusu kuingia nchini tu. Kibali cha kusoma kinaombwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, ukiwa na pasipoti na barua ya udahili, na hakikuruhusu kuajiriwa. Mkenya huvuka mpaka kwa kitambulisho chake cha taifa. Mtanzania asifike mpakani bila pasipoti au hati ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililo chini ya basi.

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na vya Uganda kwenye Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na shughuli hiyo huchukua muda, kwa hiyo njoo na vyeti halisi. Mkenya mwenye KCSE, cheti cha kumaliza sekondari kwao, aulize mapema kama atatakiwa kusoma kozi ya maandalizi kwanza, kwa kuwa shahada hapa hujengwa juu ya kidato cha sita. Kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Mtanzania aulize pia Tume ya Vyuo Vikuu ya kwao, TCU, ili shahada isije ikamkwamia akirudi nyumbani. Anayesomea udaktari au uuguzi aulize na baraza la taaluma yake huko kwao. Na ada hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo iliyotoka chuoni. Mtu anayesema umpe taslimu akulipie, awe amekupokea stendi kwa ukarimu wa namna gani, usimpe.

Jambo linalowaumiza zaidi ni lugha, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu wengi hulielewa vibaya. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo, ukimsalimia mama muuza ndizi wa mtaa wa Wandegeya, hapa Kampala, kwa Kiswahili, anaweza kukunyamazia au kukujibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi hurudi hosteli akiamini amedharauliwa. Kumbuka kwamba kwa miaka mingi, na hasa enzi za Idi Amin kati ya 1971 na 1979, Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Wako wazee waliokisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Uso unaokunjamana mbele yako haukunjamani kwa ajili yako.

Anza na Luganda, lugha utakayoisikia zaidi mitaani Kampala. “Oli otya, ssebo” kwa mwanamume, “oli otya, nnyabo” kwa mwanamke, na “webale” ukishahudumiwa. Maneno haya machache hufungua nyuso. Utagundua pia kwamba umeshasogea nusu ya njia: saa mbili asubuhi kwa Luganda ni ssaawa bbiri, wanahesabu kama sisi. Ila jihadhari na maneno yanayofanana. “Kale” ni sawa, hakuna anayezungumzia zamani. Posho ni ugali. Na ukiambiwa panda taksi, unaelekezwa kwenye daladala. Gari la kukodi peke yako lina jina na bei nyingine.

Hosteli nyingi hulipwa kwa muhula, si kwa mwezi. Kione chumba kwanza, dai risiti. Ukipanga mtaani, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, aliye kama mwenyekiti wa serikali ya mtaa kule Tanzania. Barua yake utaihitaji siku usiyoitarajia. Laini ya simu isajili kwa pasipoti yako mwenyewe, kwa sababu pesa zako zitakaa humo. Ukipata homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo.

Kwa tuliyoyaona, wiki mbili za kwanza hupita kwa shauku. Mambo hubadilika karibu na wiki ya tano, majaribio ya kwanza yanaporudishwa na pesa ya nyumbani imepungua. Mwanafunzi huanza kulala mchana. Hukwepa vipindi. Chumba cha Watanzania wenzake, kilichomwokoa siku ya kwanza, sasa kimekuwa mahali pa kujificha: wanapika pamoja, wanalalamika pamoja, na hakuna anayejua mtihani unatungwaje. Sisemi awaache ndugu zake. Nasema awe na angalau kundi moja la kusomea lenye Waganda, kwa sababu wao ndio wenye mitihani ya miaka iliyopita na ndio wanaojua mhadhiri gani haongezi siku za kuwasilisha kazi. Ofisi ya ushauri nasaha chuoni hailipishi, na anayekuja wiki ya tano tunamsaidia kwa wepesi kuliko anayekuja akiwa na masomo manne ya kurudia.

Mzazi uliyebaki nyumbani, mpigie mwanao simu wiki hiyo ya tano. Muulize leo amekula na nani.