Pati haiui kutu

“Fundi, ni kakutu kadogo tu, nitakapiga pati mwenyewe Jumamosi.” Maneno haya nayasikia gereji karibu kila wiki, na anayeyasema huwa kashanunua kopo tayari. Sina ugomvi na mtu anayetaka kujipigia rangi gari lake la zamani nyumbani. Bodi ya Corolla ya miaka ya tisini haitaki miujiza, inataka subira na mwanga wa kutosha. Ugomvi wangu ni na hilo kopo.

Pati imetengenezwa kusawazisha bonde kwenye chuma kizima, basi. Ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, na hata ikikauka inanyonya unyevu kama sponji. Ukiipaka juu ya kutu umehifadhi maji juu ya kitu kinachoishi kwa maji. Huku kwetu pwani, Dar, Tanga au Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi, na chumvi huifanya kutu itafune chuma haraka zaidi. Kwa miezi michache gari linapendeza, wewe unajisifu kwa jirani, kisha masika yakipita pati inaanza kuinuka pembeni.

Ndani ya dhana hiyohiyo kuna nyingine mbaya zaidi: kwamba kutu imeanzia nje, pale unapoiona. Lile lengelenge lililo juu ya tairi la nyuma au pembe ya chini ya mlango mara nyingi limeanzia upande wa pili wa bati. Mlango una matundu madogo chini, ya kutolea maji yanayopenya kwenye mpira wa kioo. Yakizibwa na vumbi na majani ya mwembe, maji yanabaki humo na bati linaliwa kutoka ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana inainua rangi. Ukiona lengelenge la ukubwa wa sarafu, jiandae kukuta eneo la kiganja.

Kipimo changu ni bisibisi. Naibonyeza pale penye lengelenge, nayo mara nyingi inazama. Mteja anaruka: “Umenitobolea gari!” Sijalitoboa. Lilishatoboka siku nyingi, ni rangi tu iliyokuwa inashikilia. Nimewahi kuchimba madigadi ya nyuma nikakuta gazeti, wavu wa kuku na pati ya unene wa vidole viwili, chuma hakuna. Unayekwenda kununua gari la zamani, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe chini ya milango na kuzunguka matairi. Isiponasa, hapo unauziwa pati kwa bei ya bati.

Kazi yenyewe iko hivi. Ondoa rangi kwa grainda mpaka chuma king'ae, kisha endelea kidogo kila upande, maana kutu hutembea chini ya rangi inayoonekana nzima. Ukiona vidoa vyeusi vilivyozama kwenye chuma, hapo ndipo dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori ina kazi yake. Haina kazi juu ya magamba ya kutu yanayobanduka, hata muuzaji akiapa. Palipotoboka, kata mpaka ufike kwenye bati zima na uchomelee kiraka. Kama hujui kuchomelea, hatua hii mpe fundi, nyingine zote fanya mwenyewe. Kabla hajawasha mashine mwambie akate waya wa betri na aondoe zulia na sponji zilizo nyuma ya hapo. Kikishapoa na kusafishwa, chuma kipate praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, na juu yake ndipo pati isiyozidi milimita 3 au hivi. Ukimaliza nje, puliza nta ndani ya mlango na ndani ya vizingiti vya chini ya milango, huku matundu ya maji ukiyaacha wazi. Hatua hii ya mwisho watu huiruka kwa kuwa haionekani kwenye picha. Mimi nikiambiwa nichague kati ya nta ndani na mng'ao nje, nachagua nta.

Kuhusu hadina ya pati, ile dawa ya kuikausha: kuizidisha “ili ikauke haraka” ni kujitafutia doa. Gramu 100 za pati zinataka kama gramu 2 za hadina. Ikizidi, mabaki yake hupenya mpaka kwenye rangi na kuacha madoa yasiyokubali kufutika. Joto la Dar linakausha haraka vya kutosha, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Na pati hupigwa msasa mkavu, namba 80 kisha 180. Anayemwagia pati maji akiisugua hajasoma aya ya pili hapo juu.

“Rangi ikikolea itaficha mabonde.” Ni kinyume kabisa, rangi inayong'aa inayatangaza. Puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo juu ya praima, ikauke, kisha sugua kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kibao. Vidole vinafuata bonde, kibao kinalipita juu. Panapobaki peusi ni bondeni, rudi hapo.

“Gari likishapigwa praima linaweza kusubiri hata miezi.” Praima nyingi za kijivu za kawaida hazizuii maji. Gari lililoachwa nje na praima wakati wa mvua linashika kutu chini yake, na wewe unakuja kupaka rangi nzuri juu ya tatizo jipya.

Hili la barakoa sina utani nalo. Watu wanajifunga kitambaa, au zile barakoa nyepesi zilizobaki tangu Korona, wanapuliza rangi za 2K, zile zinazochanganywa na hadina, kwenye banda lililofungwa. Hadina ya rangi hizo ina kemikali iitwayo isosianati. Huwezi kuitegemea pua ikuonye, kwa sababu inadhuru kabla hujaisikia harufu, na ukungu wake unaendelea kuelea hata ukidhani hewa imesafika. Inaleta pumu ya kudumu. Uingereza upulizaji wa rangi hizi umekuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu itokanayo na kazi. Kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Huna? Basi maandalizi yote, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi, yafanye nyumbani, kisha peleka gari lipuliziwe kwa mwenye vifaa. Hakuna aibu.

Kufuta bodi kwa petroli kabla ya rangi: acha. Petroli huacha mafuta yake, na rangi inakataa kukaa, inafunguka vitundu vya mviringo. Silikoni ya kung'arishia dashibodi na matairi ina madhara hayohayo, hata ikirushwa upande wa pili wa banda. Nunua kisafishio cha kuondoa nta na grisi, tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine cha kukaushia.

“Jua kali ndiyo rafiki wa rangi.” Bati la moto linakausha ngozi ya juu huku thina ikiwa bado chini, kisha inatoka kwa kutoboa. Pulizia kivulini asubuhi, vumbi halijaamka. Siku ya unyevu mwingi rangi za NC, zile zinazokauka kwa thina kuruka tu bila hadina, zinafanya utando mweupe kama maziwa, na kompresa nayo inajaa maji: fungua koki ya chini ya tangi uyamwage kabla ya kuanza, siyo baada ya kuona matone kwenye boneti.

Namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari, kwenye Toyota tafuta palipoandikwa C/TR, inakupa rangi ya kiwandani. Haikupi rangi ya gari lililopigwa jua miaka 25. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, ulinganishe nje mchana.

Na wenye Land Rover za zamani wanaoniambia gari lao halishiki kutu kwa sababu ni alumini: ngozi ndiyo alumini. Chesisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na miguu yenu ni chuma. Pale alumini inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakaingia katikati, alumini yenyewe inaoza na kuwa unga mweupe. Ingieni chini na tochi. Ile sumaku iacheni, kwenye alumini haitawaambia kitu.