"Ukiacha yale mauaji, jamaa amejipanga"

Kundi letu la usomaji hukutana Sinza, Jumamosi saa kumi jioni, nyuma ya mgahawa ambao feni yake ina kelele kuliko wateja. Mwezi ule tulikuwa tumekubaliana kusoma American Psycho, riwaya ya Bret Easton Ellis iliyotoka Marekani mwaka 1991. Kijana mmoja, karani wa benki pale Posta, alifika na nakala iliyojaa kalamu nyekundu. Nikamuuliza amekionaje kitabu.

"Mwalimu," akasema, "ukiacha yale mauaji, yule jamaa amejipanga."

Mama mmoja, mhasibu mstaafu, akaweka kikombe chake mezani. Yeye aliishia katikati, hakuweza kuendelea. "Huyo aliyeandika anahitaji maombi," akasema. "Mtu mwenye akili timamu hawezi kuwaza vitu hivyo."

Mimi ni mhariri wa riwaya, na kabla ya hapo nilifundisha fasihi sekondari. Kauli hizo mbili nimezisikia kwa sura nyingi, kuhusu vitabu tofauti, na kwa muda mrefu niliamini zinapingana: mmoja kampenda msimulizi, mwingine kamchukia. Siku hizi naziona ni kosa moja, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwa ambaye hajakisoma: anayesimulia ni Patrick Bateman, kijana wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi kwenye kampuni ya fedha New York mwishoni mwa miaka ya 1980. Anatueleza alichovaa, alichovaa mwenzake, mgahawa gani una meza na upi umejaa, mafuta gani anapaka usoni asubuhi. Anaandika kurasa nzima za uchambuzi wa muziki wa Genesis na Whitney Houston kama mtu anayejaza fomu. Kisha, kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha, anaeleza jinsi anavyoua watu. Kampuni ya Simon & Schuster ilikuwa ikichapishe, ikajitoa mwaka 1990, Vintage wakakichukua. Australia kiliuzwa kimefungwa kwenye plastiki, marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo mama yetu mhasibu hayuko peke yake.

Ila kitabu hiki ni tashtiti, maandishi ya kejeli yanayomuumbua mtu kwa kumcheka. Kinamcheka Bateman tangu ukurasa wa kwanza. Tena kinamcheka kwa jambo ambalo karani wetu alilipitia na kalamu nyekundu mkononi bila kuliona: hakuna mtu katika kitabu kile anayemtambua Bateman. Wanaume wote wamevaa sawa, wamenyoa sawa, wanakula palepale, na wanaitana majina yasiyo yao bila mtu kushtuka. Paul Owen, mwenzake anayemwonea wivu, anamwita Marcus Halberstam na Bateman anaitikia. Karibu na mwisho anamwendea wakili wake kusisitiza kwamba yale aliyokiri kwenye simu ni kweli, ameua. Wakili anamdhania mtu mwingine. Anacheka, anasema utani ule ungenoga kama usingemhusu Bateman, maana Bateman ni mtu wa kujipendekeza tu, nani ataamini? Anamwambia hayo usoni.

Vijana wanaoweka picha ya Bateman kwenye simu zao kama alama ya dume lisiloyumba wanamtukuza mtu ambaye hata wakili wake hamjui kwa sura.

Nimejiuliza sana kosa linaingilia wapi. Sitaki kusema vijana hawajui kusoma. Karani wetu anasoma kuliko mimi nilivyosoma nikiwa na umri wake. Sehemu ya jibu, naona aibu kidogo kusema, ni sisi walimu.

Waliosoma fasihi kidato cha tatu na cha nne watakumbuka. Mhusika mkuu, taja sifa zake, kisha malizia: anafaa kuigwa na jamii. Au hafai kuigwa na jamii. Nimesahihisha sentensi hiyo mpaka kalamu ikaisha wino. Baada ya hapo mwanafunzi anatafuta ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, na anaupata wapi msimamo huo? Kwenye kinywa cha yeyote anayesema maneno mengi. Tulipokuwa tunasoma Kichwamaji ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, kila mwaka nilipata madaftari yaliyosema mwandishi anaamini hivi na vile, na ushahidi wote umechotwa kwa Kazimoto. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, mwenye dharau zake, anayepanga kumlipizia Manase kwa kupitia dada yake Sabina, kwa sababu Manase alimharibia Rukia, dada yake Kazimoto. Kitabu kile si tashtiti tupu, na Kazimoto si Bateman. Lakini mwanafunzi aliyezoea kumchukua yeyote anayesema "mimi" kuwa ndiye mwandishi ataingia na zoea hilo kwenye kila kitabu atakachofungua. Akimpenda msimulizi atasema anafaa kuigwa. Asipompenda atasema mwandishi anahitaji maombi.

Masimulizi ya mdomo hayakutupa tabu hii. Bibi akishasema "Paukwa" nasi tukaitika "Pakawa", akifika kwa Fisi anabana sauti ipite puani, na mtoto wa miaka minne anajua pale anasema Fisi, bibi mwenyewe amekaa pembeni. Hata Abunuwasi, mwizi wa sufuria, tunamfurahia kwa usalama. Jirani amekubali kwamba sufuria imezaa, sasa atakataaje kwamba imekufa? Tunacheka tukiwa upande wa mwizi, lakini hadithi inasema "akamwambia", "akachukua", "akaenda zake". Kuna mtu wa tatu kati yetu na yeye.

Nafsi ya kwanza inamwondoa mtu huyo. Na kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mtendaji wetu hakai nje ya kitenzi. Yumo ndani. Soma kwa sauti "nilimpiga": kabla kitendo hakijafika, ulimi wako umeshasema "ni". Niliwahi kumpa mwanafunzi asome darasani kipande ambacho msimulizi anajisifu kumdhulumu mdogo wake shamba, akasoma vizuri mno, na alipokaa wenzake hawakumwongelesha mpaka kengele. Aliudhika, naye hakuwa amefanya lolote.

Kwa hiyo kujiona ndani ya msimulizi si kosa la msomaji. Kitabu cha namna hii hakifanyi kazi usipojiona ndani yake angalau kwa kurasa chache. Kosa linakuja baadaye, na ili nilieleze lazima niende nyuma kidogo, mwaka 1729, Ireland.

Mwaka huo Jonathan Swift alitoa kijitabu bila jina lake. Anayeongea ndani yake ni mtu mpole, mzalendo, mwenye takwimu. Ameguswa na umaskini wa Waireland. Amepiga hesabu: kila mwaka wanazaliwa watoto 120,000 wa maskini. Wabakishwe 20,000 wa kuendeleza uzazi, na 100,000 waliosalia, wakitimiza mwaka mmoja, wauzwe kwa matajiri wawe kitoweo. Anaeleza mapishi. Anamalizia kwa kutuhakikishia kwamba hana maslahi binafsi, mtoto wake mdogo ana miaka tisa na mkewe ameshapita umri wa kuzaa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa semina ya siku tatu hotelini na kusikiliza mshauri wa mradi anaijua sauti hiyo. Namba ziko sawa. Upole ni wa kweli. Ubaya umekaa kwenye mshono, pale hesabu inaposhonwa na mtoto.

Neno hilo, mshono, ndilo ninalolitumia na waandishi ninaowahariri. Msimulizi wa tashtiti huwa hasemi uongo mwingi. Anaweka vitu viwili jirani ambavyo mtu mzima hangeviweka jirani, na haoni kwamba ameviweka. Bateman anashona mafuta ya uso na maiti. Sasa angalia karani wetu alivyofanya: "ukiacha yale mauaji". Ameufumua mshono. Upande mmoja kabaki na kijana mwenye nidhamu, tumbo bapa na suti safi, na kijana huyo kweli amejipanga. Mama mhasibu naye kaufumua, kabaki na upande wa pili, maiti tupu, na maiti tupu kweli ni za mgonjwa. Filamu ya mwaka 2000, iliyoongozwa na mwanamke, Mary Harron, imepata balaa hilohilo: watu wanakata sekunde thelathini za Bateman akifanya mazoezi asubuhi, wanaziweka mtandaoni. Mkasi umepita palepale kwenye mshono.

Kuna na umbali wa mahali. Orodha ndefu ya majina ya mashati inamchosha msomaji wa New York mpaka anaanza kucheka, na kumchosha ndiyo kusudi. Mimi na wewe tunaisoma tukiwa kwenye mwendokasi, mkono mmoja kwenye bomba, na orodha hiyohiyo inageuka dirisha la duka. Hatuchoki nayo. Tunaitamani.

Nikaona bora niwape msimulizi wa hapahapa. Wiki iliyofuata nilikuja na karatasi yenye aya moja niliyoiandika mwenyewe, nikamwomba karani aisome kwa sauti:

"Mimi nina huruma, na wapangaji wangu wote wanajua. Yule wa chumba cha uani alipofiwa na mwanawe sikumgusa. Nilikaa siku tatu nzima, matanga yakaanuliwa, ndipo nikamtumia ujumbe kumkumbusha kodi ya miezi sita. Tena ujumbe nikauanza na pole. Siku hiyo mafundi walikuwa wanamalizia marumaru za sebuleni kwangu, za Uturuki, kubwa, ukiinama unajiona sura. Yule mama akaja kuniomba nimpokee kodi nusu nusu. Nikamwambia avue viatu kwanza."

Karani alishindwa kumaliza kwa kucheka. Anapanga vyumba viwili Tabata na kodi yake ni ya miezi sita. Pale kwenye pole alipiga meza. "Huyu namjua! Huyu namjua kabisa!" Yule aliyempenda Bateman hakumhurumia mwenye nyumba hata kwa nukta moja. Wala hakuhitaji nimweleze tashtiti ni nini.

Lakini kundini tuna mzee mmoja, mstaafu wa bandari, mwenye nyumba Mwananyamala. Yeye hakucheka. Aliichukua karatasi, akaisoma tena taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Sasa Mwalimu, kosa lake liko wapi?"

Tukanyamaza.

"Kodi ni kodi. Amempa siku tatu. Ametanguliza pole. Na viatu, nyumba gani wageni hawavui viatu?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ukiitetea kila sentensi peke yake inasimama. Mama mhasibu ndiye aliyejaribu: "Mzee wangu, mtoto amezikwa juzi tu, na yeye anaweka marumaru." Mzee akajibu kwa upole kwamba fundi akishalipwa hangoji msiba wa mtu mwingine, na hilo pia ni kweli, mjini hapa kila mtu ana fundi.

Ndipo nikaona kwamba hata maelezo yangu ya shule hayatoshi. Mzee yule hakusoma kidato cha tatu na hajawahi kuandika "anafaa kuigwa na jamii". Alisoma akiwa amekaa kwenye kiti cha msimulizi, na ukikaa kwenye kiti kile mshono unapita chini yako, huuoni. Karani aliuona kwa sababu yeye ndiye anayetumiwa ujumbe. Kwa Bateman alikuwa amekaa kiti kingine, cha kijana wa benki anayetamani suti.

Wayne Booth, Mmarekani aliyetupa mwaka 1961 lile neno tunalolitafsiri "msimulizi asiyeaminika", alieleza jambo hili kama makubaliano ya chini kwa chini kati ya mwandishi na msomaji, nyuma ya mgongo wa msimulizi. Ninamheshimu. Lakini alichukulia kwamba msomaji yuko tayari kukaa nyuma ya mgongo ule. Sinza, siku ile, mmoja wetu alikuwa ndiye mgongo.

Waandishi chipukizi wakisikia kisa hiki huingiwa na hofu. Wananiletea muswada ambamo sura ya mwisho kaongezwa mchungaji, au shangazi, wa kumsema msimulizi ili msomaji asipotee. Huwa nafuta. Shangazi akishaongea, msomaji anahamia kwake mara moja, anamcheka mwenye nyumba kwa raha, na anarudi nyumbani bila kujikwaa popote. Nisingeongeza neno kwenye ile aya kwa ajili ya yule mzee.

Tulipomaliza alibaki nyuma, akanisaidia kupanga viti. Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati lake. Akaniuliza kama hadithi ile inaendelea. Nikamwambia bado sijui.

"Ukiiendeleza," akasema, "hizo marumaru badilisha. Za Uturuki zinateleza. Mwandikie za Hispania."