Msiba usio na turubai

Ukiingia msibani Mwanza, iwe Igoma, Nyamanoro au Buhongwa, swali la kwanza unaulizwa kwa macho: wewe ni nani wa marehemu, na umekuja kufanya nini? Vijana wa mtaa wameshachukua sululu na koleo wakaelekea makaburini. Shemeji mmoja mwenye mwandiko mzuri amekabidhiwa daftari la rambirambi. Anaandika jina na kiasi bila kuruka hata mia tano, maana msiba ukihamia kwa mwenzio, daftari hilo ndilo litakalofunguliwa. Akina mama wa kikundi cha kusaidiana wamefika na masufuria turubai likiwa bado linafungwa kamba. Asiye na kazi ni mfiwa peke yake, na yeye naye kazi yake inajulikana: kulia, kupokea mikono, kunywa uji akilazimishwa.

Mimi ni mtafiti wa mila za mazishi za kanda hii, kuanzia Sengerema na Ukerewe hadi Rorya. Ni kazi isiyo na sifa kubwa. Ndugu zangu wakiniona nimevaa suruali nyeusi huuliza, "Leo nani tena?" Kwa hiyo mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu na kichwa chake kimejaa roketi, aliona nafaa kuulizwa: "Mjomba, Neil Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezi, kaburi lake liko wapi?" Nikamwambia hana kaburi, majivu yake yalimwagwa baharini. Kijana akanitazama kama nimemtania. "Sasa anayetaka kumtembelea aende wapi?"

Swali hilo ni la kitaalamu kuliko alivyodhani. Mtu maarufu akifa, wanaoumia ni mamilioni, ila makoleo ya kuwagawia hayapo. Huzuni inabaki mikononi, haina pa kushika. Nikifuatilia jinsi wanaanga walivyoliliwa, naona kwamba misiba yao iliyokaa vizuri ni ile ambayo mtu fulani, kwa makusudi au kwa bahati, aliwatafutia watu wa mbali kazi ya kufanya.

Armstrong alifariki 25 Agosti 2012 akiwa na miaka 82, kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Familia ilimuaga faraghani karibu na Cincinnati tarehe 31, na siku hiyo bendera za Marekani zilipepea nusu mlingoti. Tarehe 13 Septemba ikafanyika ibada ya wazi katika kanisa kuu la kitaifa mjini Washington. Kanisa hilo lina dirisha la vioo vya rangi ambalo ndani yake kimepachikwa kipande cha jiwe la mwezini, kutoka mzigo ule ule waliorudi nao yeye, Buzz Aldrin na Michael Collins. Kesho yake, meli ya kivita USS Philippine Sea ikatoka na majivu yake, yakazikwa katika Bahari ya Atlantiki kwa heshima za kijeshi. Dunia ilimjua kwa mwezi, lakini kabla ya hapo alikuwa rubani wa jeshi la majini aliyeruka mara 78 katika vita vya Korea, akazikwa kibaharia.

Jambo lililonishika mimi ni taarifa ya familia. Msemaji wa familia kwetu husoma wasifu wa marehemu, akashukuru madaktari, akataja ratiba. Wao waliongeza kitu. Waliandika kwamba kwa wale watakaouliza wafanye nini kumuenzi Neil, wana ombi dogo: waige utumishi wake, mafanikio yake na unyenyekevu wake, na siku watakapotoka nje usiku usio na mawingu wakauona mwezi unawatabasamia, wamkumbuke na kumkonyeza.

Huku kwetu ukionekana unamkonyeza marehemu unaweza kuitwa kwenye kikao cha ukoo. Lakini tazameni ufundi wa lile ombi. Walijua kuna watu wanaosubiri kutumwa, wakawatuma. Halikugharimu nauli wala mchango, na halikumhitaji mtu kuwa Mmarekani. Aliyesimama ufukweni Kayenze akisubiri mtumbwi angeweza kulitimiza sawasawa na aliyesimama Ohio.

Wapo watakaosema: huyo mzungu ni nani wetu hata tumlilie? Undugu wa misibani una njia nyingi. Mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, 20 Februari 1962, vituo vya kuongea naye njiani vilikuwa vimepangwa kama nyumba kumi: kimoja Kano, Nigeria, kinachofuata Tunguu, Unguja. Chukueni ramani mchore mstari kutoka Kano hadi Unguja. Unapita karibu kabisa na Mwanza. Simaanishi chombo chake kilifuata mstari huo kwa rula. Ninachosema ni kwamba kati ya sauti ya Kano na sauti ya Unguja, ukanda wa chini yake ulikuwa huu wetu wa maziwa. Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, nacho tangu mwanzo kilikuwa na wapinzani wake. Usiku ule wa Glenn watu wa Perth, Australia, waliwasha taa zao ili azione kutoka juu, na aliporudi angani mwaka 1998 akiwa mzee wa miaka 77 wakaziwasha tena. Mtu uliyemuwashia taa mara mbili, ukisikia amefariki, huwezi kusema humjui.

Sasa tuje kwenye lile ambalo watu wa ziwani tunalielewa kuliko wengi: mwili usiopatikana.

Mtu akizama, shughuli nyingi husimama. Mitumbwi hugeuzwa kuwa ya kutafuta, wanawake hukaa ufukweni, na wazee hukadiria upepo utamleta upande gani. Usipopatikana mwili, msiba unakwama. Hauanzi, haumaliziki. Ndiyo maana Waluo, Rorya na upande wa Kenya, wana utaratibu wa kuzika tunda la yago, lile refu zito la mti wa mwegea, mahali pa mwili wa aliyepotea. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa, linafukiwa. Mgeni anaweza kucheka. Aliyewahi kukaa na mama asiye na mahali pa kuweka mwanawe hacheki. Na hapa Mwanza tuna Igoma, walikolazwa pamoja abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama asubuhi ya 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari kidogo kufika. Wapo ambao ndugu zao hawakutambuliwa au hawakutolewa majini kabisa, na bado kila Mei huenda pale, kwa sababu mtu lazima aende mahali.

Mwaka 1971, David Scott na James Irwin, wanaanga wa Marekani wa safari ya mwezini ya Apollo 15, walifanya jambo ambalo nikilisimulia Rorya halihitaji maelezo. Karibu na bonde la Hadley, mwezini, Scott alilaza kimya kimya sanamu ya alumini ya mtu, yenye urefu wa sentimita 8.5, kazi ya Mbelgiji Paul Van Hoeydonck. Pembeni aliweka kibao chenye majina 14 ya Wamarekani na Wasovieti waliokwisha kufa, yamepangwa kwa alfabeti bila kutaja nchi. Wakati huo mataifa hayo mawili yalikuwa hayapikiki chungu kimoja. Kikaja kisa baadaye: mchongaji alisema alikusudia sanamu isimame na iwakilishe binadamu wote, Scott akashikilia kwamba ni ya marehemu na ililazwa inavyopaswa. Msiba gani usio na ugomvi wa nani alisema nini?

Kibao kile, kama daftari lolote, kilikuwa na mapengo. Jina la Valentin Bondarenko halimo. Alikufa kwa moto katika chumba cha mazoezi mwezi Machi 1961, na Wasovieti walilificha jambo hilo kwa miaka mingi. Robert Lawrence naye hamo. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanaanga, akafa katika ajali ya ndege ya mafunzo 8 Desemba 1967. Yeye alikuwa chini ya mpango wa jeshi la anga, na hoja hiyo ilimweka nje ya orodha hadi mwaka 1997, jina lake lilipochongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu pale Florida. Miaka thelathini. Wanaobishana kuhusu nani asomwe na nani asisomwe siku ya kuaga wanajua uzito wake.

Chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kilisambaratika juu ya Texas 1 Februari 2003, dakika kama 16 kabla ya kutua, kikiwa na watu saba. Wakati wa kuruka, kipande cha povu kutoka tangi la nje kilikuwa kimegonga bawa la kushoto na kulitoboa, na wakati wa kurudi hewa ya moto ikapenya humo. Mabaki yakatawanyika porini. Zaidi ya watu 25,000 walitembea bega kwa bega kwenye miiba na matope wakitafuta miili na vipande. Katika mji mdogo wa Hemphill wenyeji walipika na kugawa chakula kwa watafutaji, siku baada ya siku. Wengi hawakuwahi kumuona mwanaanga hata mmoja. Nikisoma habari za Hemphill naona masufuria ya Igoma, na sishangai kwamba mji ule hadi leo unawataja wale saba kama watu wake.

Kitu kingine ambacho vitabu vya Kizungu kuhusu maombolezo hukipa nafasi finyu ni utani. Huku mtani akija msibani anaweza kulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke, na mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Wanaanga nao wana watani. Kituo cha wanaanga cha Houston, Marekani, kina bustani ya miti iliyopandwa kwa kila mwanaanga aliyefariki, na wakati wa Krismasi huvalishwa taa nyeupe. Mti mmoja tu huvalishwa taa nyekundu, wa Pete Conrad, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1999. Conrad alikuwa mfupi, na aliposhuka mwezini Novemba 1969 alipiga kelele za furaha, akasema hatua ile huenda ilikuwa ndogo kwa Neil, kwake ilikuwa ndefu. Mtu kama huyo ukimvalisha taa nyeupe umemkosea.

Warusi wana lao pia, nalitaja kwa adabu: basi linalopeleka wanaanga kwenye roketi husimama njiani, na wanaume hushuka kujisaidia haja ndogo kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu inasemekana Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alifanya hivyo asubuhi ya 12 Aprili 1961. Hakuna hotuba ya kiongozi iliyodumu kiasi hicho.

Gagarin mwenyewe alikufa 27 Machi 1968, miaka 34 tu, ndege ya mafunzo ya MiG-15 ilipoanguka akiwa na mwalimu wake Vladimir Seryogin. Serikali ilifanya yote ambayo serikali hufanya: maombolezo ya kitaifa, majivu ukutani Kremlin, mji wa Gzhatsk kupewa jina lake, na mwaka 1980 sanamu ya titani yenye kimo cha mita 42.5 pamoja na nguzo yake mjini Moscow. Sanamu hiyo inatisha kwa ukubwa, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu haimtumi mtu kazi. Linganisha na mti alioupanda Baikonur, kwenye kituo cha kurushia roketi. Kila anayeruka kutoka pale hupanda wake, na kabla ya hapo hupeleka maua Kremlin na kuingia katika ofisi yake iliyoachwa kama alivyoiacha. Vijana waliozaliwa miongo kadhaa baada ya kifo chake wanashika udongo kwa ajili yake.

Na mirathi? Miezi kadhaa baada ya mazishi, Carol, mjane wa Armstrong, alikuta kabatini mfuko mweupe wa kitambaa uliojaa vikorokoro vya Apollo 11, ile safari yake ya mwezini, vitu vilivyotakiwa kuachwa mwezini. Miongoni mwao ilikuwemo kamera iliyorekodi hatua ya kwanza kupitia dirishani. Mume hakuwahi kumwambia. Akaupeleka makumbusho. Nimeshuhudia matanga yakivunjika kwa ugomvi wa baiskeli, kwa hiyo mama huyu namvulia kofia.

Mpwa wangu bado anataka mahali pa kwenda, basi nimempa. Subiri siku ya sita au ya saba tangu mwezi kuandama, jioni, ukiwa karibu utosini. Upande unaong'aa utakuwa unatazama magharibi, na katikati yake kuna doa la kijivu kilichoiva: hilo ndilo Bahari ya Utulivu. Shuka kwenye kona yake ya kusini, iliyo jirani na mstari wa giza, karibu katikati ya kimo cha mwezi. Walitua hapo, tena mwezi ukiwa na umri kama huo huo, kwa sababu jua la asubuhi lililo chini hurefusha vivuli na rubani akaona mawe ya kukwepa. Kwa saa zetu hatua ya kwanza ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya 21 Julai 1969. Darubini haihitajiki. Kuhusu jicho la kukonyeza, nimemwachia achague mwenyewe.