Mgodi kushirikiana na chuo cha ufundi: yanayosemwa na yaliyopo

Mwaka 2009 kampuni za migodi ya dhahabu Tanzania, kupitia chemba yao, zilianza na chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) cha Moshi mpango wa kufundisha mafundi wa migodini, unaojulikana kwa kifupi kama IMTT. Mwanagenzi husoma Moshi darasani na karakanani, huenda mgodini, hurudi chuoni, kisha huenda tena, awamu kwa awamu. Mimi ni fundi mitambo, na kila nikiutaja mpango wa namna hii mbele ya wazazi nasikia maneno yale yale. Mengi si kweli.

"Kampuni inatoa msaada tu."

Migodi ya Kanda ya Ziwa ilianza kwa kufuatana: Geita 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Ghafla walihitajika watu wa kufungua injini ya lori linalobeba tani mia na zaidi, wa kufuatilia hitilafu ya haidroliki, yaani mfumo unaosukumwa na mafuta yenye shinikizo, usiku wa manane, wa kuchomelea bakuli la ekskaveta lililopasuka. Mafundi wa aina hiyo hawakutosha nchini, na wengi waliletwa kutoka nje. Fundi wa kigeni ana kibali, nyumba, nauli ya ndege na likizo ya kwenda kwao, juu ya mshahara. Kwa hiyo mgodi unaomsomesha kijana Moshi unajitafutia fundi wake. Mimi naona hiyo ndiyo nguvu ya mpango wenyewe: msaada hukatwa mwaka ambao hesabu zimekaa vibaya, lakini lori bovu litamdai fundi mwaka huo huo.

"Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inatosha."

Tozo hiyo imo katika sheria ya VETA ya mwaka 1994, na hulipwa na mwajiri mwenyewe bila kumkata mfanyakazi. Inasaidia kuendesha vyuo. Haimpeleki mwanagenzi kando ya mashine inayofanya kazi, wala haimpi fundi mzoefu wa kumwelekeza.

"Mwanagenzi ni kibarua wa bei rahisi."

Hapa sitakataa moja kwa moja, maana nimepitia. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye gereji moja. Wiki sita nilisafisha vipuri kwa petroli, nikafagia, nikatumwa chai. Siku ya mwisho msimamizi alilipitia daftari langu la kazi kwa dakika tano, akasaini kurasa zote kwa mkupuo, hata zile za kufunga klachi ambayo sikuwahi kuigusa. Niliporudi chuoni nilipata alama nzuri, na nilijisikia vibaya.

Gereji ile haikuwa na makubaliano yoyote na chuo zaidi ya barua ya utambulisho. Hakuna aliyekubaliana nao nijifunze nini, na mwaka uliofuata wangepokea wanafunzi wengine kutoka chuo kingine. Ushirikiano wa miaka mingi hubadili jambo hili. Mwalimu wa chuo na fundi mkuu wa kampuni hukaa pamoja na kugawana kazi: chuo kitafundisha kusoma mchoro wa umeme, kupima unene kwa maikromita, kuchomelea bila kupinda chuma, kampuni itafundisha kutafuta hitilafu kwenye mtambo halisi na kufunga kufuli la usalama kabla ya kuugusa. Kijana akirudi chuoni hajui alichopaswa kukijua, mwalimu anampigia simu fundi mkuu, na wanafahamiana. Mwalimu naye hupata njia ya kwenda kuona mitambo mipya, kwa sababu anayefundisha kwa injini ya miaka ya themanini atatoa fundi wa miaka ya themanini.

"Ukisomeshwa na mgodi, ajira ya mgodi ni yako."

Mkataba wa mafunzo ni wa mafunzo. Usomwe mpaka mwisho kabla ya kusaini. Migodi nayo hufa: Golden Pride ya Nzega, ambayo kampuni yake ilikuwa miongoni mwa washirika wa mpango huu, ilianza mwishoni mwa miaka ya tisini na ikafungwa katikati ya muongo uliopita. Fundi aliyejua haidroliki hakufungwa nayo. Pampu ni pampu, iwe bandarini, kiwanda cha saruji au kwenye greda la barabara, mradi cheti kinatambulika nchi nzima na ufundi uko mkononi.

"VETA ni ya waliofeli."

Mpe anayesema hivyo mchoro wa saketi ya haidroliki, umwombe aonyeshe mafuta yanapita wapi vali ikifunguka.

Mzazi akiniuliza mwanawe aende chuo gani cha ufundi, siku hizi namwambia asianze na majengo. Amtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aombe kuliona daftari lake la kazi, achague ukurasa mmoja wowote wenye saini, na amwombe amweleze kazi hiyo aliifanyaje.