Sponji Iliyoanikwa Kambani: Dhana Potofu Kuhusu Tangi la Samaki Lenye Mimea

Simu nyingi za masikitiko huniingilia Jumatatu na Jumanne, na kwa muda niliofanya kazi ya kuunda na kutunza matangi ya samaki wa mapambo majumbani, hapa Dar es Salaam, nimekwisha kukijua kisa chote kabla mteja hajamaliza salamu. Jumamosi alisafisha tangi. Alilisafisha mwenyewe, tena kwa bidii, na sasa samaki wanahema juu ya maji, wengine wamekwisha kufa, na swali linalofuata ni lilelile: “Fundi, mbona uliniletea samaki wagonjwa?”

Mara ya mwisho nilifika kwa mama mmoja mtu mzima huko Tabata, ambaye nilikuwa nimemtengenezea tangi la lita 120 lenye mimea halisi. Kioo kilikuwa kinang'aa. Changarawe ilikuwa imeoshwa hadi ikarudia rangi yake ya dukani, gogo lilikuwa limesuguliwa kwa brashi ya kufulia, na mimea ilikuwa imeng'olewa, ikasuuzwa bombani, kisha ikapandwa upya kwa mistari kama tuta la mchicha. Sponji ya kichujio ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo, nyeupe pe, ikinukia sabuni ya unga. “Mwanangu,” aliniambia kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu, “humo ndani limetoka tope jeusi la kutisha. Nimeikamua mpaka maji yakatoka meupe.” Tope lile la kutisha ndilo nililokuwa nimelilea kwa wiki sita.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba tangi la samaki ni chombo kama sufuria, kwamba maji yakipata rangi kidogo basi yamwagwe yote, na kwamba kila kilichomo kioshwe hadi kitakate. Ukweli ni kwamba samaki hutoa amonia kila saa, sehemu kubwa kupitia mashavuni, na chakula kinachobaki pamoja na majani yanayooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kwa kiasi na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mfanyakazi wa hatua hiyo ya pili, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wa Nitrospira. Kwa mwenye tangi, jina si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba bakteria hawa wengi wao hawaelei majini bali hushika kwenye sponji, changarawe, gogo na majani, na kwamba huzaliana polepole mno wakilinganishwa na bakteria wanaochachisha maziwa. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji takribani wiki nne hadi sita kabla halijatulia. Sabuni huwaua, klorini huwaua, na kuanikwa juani kunawamaliza kabisa.

Katika tangi lenye mimea hasara huwa mara mbili, na hapa ndipo wengi hushangaa ninapowaeleza. Mimea ya majini hufyonza amonia moja kwa moja, na aina nyingi huipendelea kuliko nitrati, kwa hiyo tangi lililositawi lina vichujio viwili: sponji kwa upande mmoja, na majani na mizizi kwa upande wa pili. Unapoing'oa mimea yote na kuisugua mizizi, unaikata vinyweleo vyake, inasimama kukua, inaanza kumwaga majani, na majani hayo yanapooza yanazalisha amonia ileile ambayo ilitakiwa kuifyonza. Yule mama, kwa asubuhi moja tu, alivizima vichujio vyote viwili na kuwarudishia samaki kumi na wanane ndani ya maji yasiyo na ulinzi wowote. Tena maji hayo yalikuwa ya kisima chake, ambayo kipimo changu kiliyasoma pH 8, yaani yamepita katikati, ambayo ni 7, na kuelekea upande ulio kinyume cha uchachu. Katika joto la nyuzi 28, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya kuua huwa takribani mara kumi zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye pH 7, na samaki hawakuhitaji ugonjwa wowote kutoka kwangu ili wafe.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hawatumii sabuni, bali maji ya bomba matupu. Maji ya bomba huwekwa klorini kwa makusudi ya kuua bakteria, na klorini hiyo haibagui. Nimewahi kumkuta mzee mmoja aliyemimina tangini dawa ya kutibu maji ya kunywa “ili samaki nao wanywe maji salama,” na sikujua nianze wapi. Wengine hujaza tangi kwa maji ya pipa la juu ya paa saa nane mchana, yakiwa ya moto kama ya kuogea mtoto, halafu hushangaa samaki wanapopinduka.

Njia ninayoisisitiza, hata wateja wangu wakanipachika jina la “Bwana Ndoo,” ni hii. Nunua ndoo mbili ambazo hazitatumika kwa jambo jingine lolote nyumbani, maana ndoo iliyofuliwa nguo haisahau sabuni. Ya kwanza ijaze maji mapya jioni, uiache wazi usiku kucha ili klorini ipungue na joto lilingane na la chumba. Kama maji ya eneo lako yana kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaanika hakutoshi na ni lazima utumie dawa ya kuiondoa. Kesho yake nyonya maji ya tangi kwa mpira, robo yake tu, uyaingize kwenye ndoo ya pili, kisha chovya sponji ndani ya maji hayohayo machafu na uikamue mara mbili au tatu, basi. Itatoka ikiwa bado na rangi ya kahawia, na ndivyo inavyotakiwa. Maji yaliyobaki ndooni mwagilia maua au mchicha, nao utakushukuru. Fanya hivyo kila wiki. Changarawe ipitishie mpira juujuu tu pale pasipo na mimea, na kama mikono inawasha kwa hamu ya kusugua, sugua kioo cha mbele.

Dhana hii ina mdogo wake, nayo ni hofu ya maji yenye ukungu mweupe. Tangi jipya, katika siku za mwanzo, mara nyingi hupata ukungu kama maji ya mchele, kwa sababu bakteria wanaoelea wameongezeka ghafla kabla mambo hayajapata mizani. Ukungu huo huondoka wenyewe. Mteja anayeyamwaga maji yote kila anapouona huyarudisha mambo mwanzo kila mara, na anaweza kukaa miezi mitatu akiwa na tangi la siku tatu. Katika kipindi hicho ninachotaka ni samaki wachache sana, chakula kidogo kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na mimea mingi inayokua haraka.

Umeme nao umezaa dhana yake. Wengi huamini kwamba umeme ukikatika saa nyingi, kichujio “kinapumzika” na kurudi salama. Kwenye kichujio cha kopo lililofungwa, bakteria humaliza oksijeni iliyomo ndani ya saa chache na huanza kufa, na umeme unaporudi uozo huo wote husukumwa kwa samaki kwa mkupuo mmoja. Kukiwa na dalili ya giza refu, fungua kopo, toa sponji na uielekeze ndani ya tangi penye maji ya wazi. Kama umechelewa, mwaga kwanza maji ya kopo kabla ya kuliwasha.

Kuhusu mimea yenyewe, nitapita haraka. Haihitaji jua la dirishani. Jua hilo hulisha mwani kabla halijalisha chochote ulichopanda, na taa ya kawaida ya saa sita hadi nane kwa siku, inayowashwa na kuzimwa kwa wakati uleule, inatosha. Haihitaji mtungi wa kaboni dioksaidi, isipokuwa umeamua kufuga aina ngumu zenye kutaka mwanga mkali, na anayekuuzia mtungi kabla hujaweza kutunza Vallisneria, mmea rahisi wenye majani marefu kama utepe, anakuuzia ugomvi. Vallisneria humea hata katika Ziwa Tanganyika, kwenye maji magumu yenye pH inayokaribia 9, kwa hiyo maji ya kisima chako hayataisumbua. Ni kweli kwamba mimea hutumia oksijeni usiku, lakini maji yakiwa yanatikisika juu, samaki wasiorundikana hawatapungukiwa. Ukiwaona wanahema alfajiri, punguza samaki kabla ya kuilaumu mimea. Anubias, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi, haizikwi: lile shina lake nene linalolala likifunikwa na changarawe huoza, kwa hiyo ifunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe. Na Cryptocoryne, mmea mwingine wa matangini, ikipukutisha majani yote wiki moja baada ya kupandwa, usiing'oe. Haijafa. Mizizi ipo, na majani mapya yatakuja yakiwa yamezoea maji yako.

Zipo na dhana nyingine ndogondogo ninazozisikia. Samaki hakui kulingana na ukubwa wa tangi, kama wengi wanavyoamini. Anadumaa, na anaumia. Samaki mnyonya kioo si mfagiaji wa bure: wale wa kawaida wa madukani hufikia zaidi ya sentimita 30 na kinyesi chao ni kingi kuliko mwani wanaoula. Chumvi si dawa ya kila kitu, na Vallisneria na wenzake wengi hawaipendi.

Lililobaki ni la wanaoleta magugu maji kutoka mabwawani kwa kuwa maua yake yanapendeza. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini na ulienezwa duniani kwa ajili ya uzuri huohuo, mpaka ukafika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba bandari na mialo ya wavuvi. Siuweki kwenye tangi la mteja yeyote, na mimea ninayoipogoa huikausha juani kabla ya kuitupa, kwa sababu mitaro mingi ya mji huu huishia Mto Msimbazi.

Kwa yule mama wa Tabata, nilikata nusu ya sponji kutoka tangi langu la nyumbani, nyeusi kama ilivyo, nikaitia ndani ya kichujio chake, nikamwagiza asiguse kitu isipokuwa kubadili robo ya maji kila baada ya siku mbili. Samaki saba walipona. Katika wiki ya tano Vallisneria ilianza kutambaza vikonyo vipya kwenye changarawe, naye alinipigia simu kuuliza kama sasa anaruhusiwa kuosha. Nilimruhusu kioo cha mbele.